Kifani

Ubaoni nimeandika: kifani.
Nomino. Ngeli ya KI-VI.
Wingi wake vifani, ila wingi huo
sijausikia Wete wala Chake,
wala kwa bibi aliyekuwa na neno la kila kitu,
hata la unyevu unaobaki chini ya mtungi.

Neno hili, nawaambia, halitoki nje peke yake.
Hutoka limeshikwa mkono na hana,
na hakina, na bila, na lisilo.
Time binti Faki kanyoosha kidole:
Mwalimu, na yule mwenye kifani anaitwaje?
Nikajibu, anaitwa mtu wa kawaida.
Wakacheka. Kengele ikalia. Nikafuta ubao.

Mwezi ule tulikuwa tumemzika baba.
Khitma ilikuwa Limbani, chini ya turubai la kuazima,
na kila aliyeinuka alisema
Mzee Shaame hakuwa na kifani.
Kwa ukarimu, hakuwa na kifani.
Kwa kupatanisha watu, hakuwa na kifani.
Mama yumo ndani na wanawake,
hakusema ndiyo, hakusema siyo,
aliuliza kama sukari inatosha.

Arobaini ilipopita akaniambia twende Chake.
Ndani ya leso, fundo juu ya fundo,
kipuli kimoja cha dhahabu,
ua katikati, jani moja limepinda.
Mwenziwe aliuzwa mwaka niliozaliwa.
Baba yako alisema tuuze kimoja, tubakishe kimoja,
nusu ya harusi ibaki nyumbani.
Sonara alimpa bei ya chini, chini mno.
Kimoja si nusu ya viwili;
hesabu hiyo baba hakuijua,
au aliijua, akaondoka na pesa hivyo hivyo.
Alisema atakikomboa.

Sonara wa leo ni mjukuu wa yule.
Akakigeuza chini ya taa, akashusha miwani:
Mama, kazi hii siku hizi haipatikani.
Hakina kifani.
Alisema kwa kusifu, kwa sauti ile ile ya khitma.
Mama akacheka, kicheko kifupi cha puani.
Najua hakina, mwanangu. Ndicho nilichokuja kukitafuta.

Basi nikiyeyushe, akasema sonara,
nikutolee viwili vidogo, sawa kwa sawa?
Mama akautazama mzani,
sahani mbili tupu, zimetulia.
Nipe changu.

Alikivaa pale pale dukani, sikio la kushoto.
La kulia lina kijiti cha chelewa,
kipande cha ufagio, hubadilishwa kikichakaa,
tundu lisije likaziba.
Miaka thelathini na miwili nimekiona kijiti kile
nikidhani ni tabia ya wakubwa.

Njiani kichwa chake kilikwenda pogo kidogo,
au mimi ndiye niliyeona hivyo.
Nikamwuliza: Mama, sasa si ukiache tu kizibe?
Akanitazama kama ninavyomtazama Time.
Tundu hili si langu, akasema.
La mwenziwe.