Maji Yasiyo na Mwenyewe

Kisimani kwetu, Konde,
mama alikuwa akiupara kwa kifuu
kila Ijumaa asubuhi, huku akiulaani:
utelezi huu utakuja kumvunja mtu nyonga.
Hakuwa na jina jingine la kuupa.
Utelezi. Uchafu wa kijani.
Kitu cha kuondoshwa kabla wageni hawajabisha hodi.

Nami leo, Al Hail, nyuma ya jiko,
upande wa ukuta usiojuana na jua,
nimepiga magoti mbele ya uchafu uo huo
na bakuli la mtindi mkononi
kama mtu aliyeleta posa.

Kuvumwani, kamusi inasema.
Kipande cha kwanza nilikitoa Misfa,
kwenye ukingo wa falaji, kwa kijiko cha chai,
nikakitia ndani ya kopo tupu la haluwa.
Mtoto aliyekuwa akiosha baiskeli yake
akaniuliza kwa Kiarabu: Unaiba nini?
Nikamwambia: Baridi.

Nilikisaga na mtindi, kama nilivyoelekezwa,
nikayapaka mawe kwa burashi la kupakia mayai mikate.
Siku ya kwanza, harufu.
Siku ya pili, sisimizi, msafara mzima.
Siku ya tatu paka wa kina Thuraya
akailamba bustani yangu yote
akajilaza pale pale, ameshiba.

Nikarudi Misfa na kopo lile lile.

Safari hii sikupika kitu.
Nililoanisha jiwe, nikabandika, nikakandamiza kwa kiganja,
nikahesabu mpaka mia.
Maji ya mfereji hayakufaa, yaliacha weupe juu ya jiwe.
Maji niliyoyataka yalikuwa yakinidondokea utosini:
kiyoyozi cha chumba cha wageni,
mpira wake umepasuka tangu Shaabani,
tone
na tone
na tone,
jasho la hewa ya Julai,
maji yasiyo na mwenyewe.

Haina mizizi, nimesoma. Hushika tu,
ikipata kivuli
na mtu wa kutoikwangua.

Mwezi wa pili ikawa upana wa sahani ya kikombe.
Nilikuwa nikishuka alfajiri, kabla ya kuchemsha maji,
kuitazama kwa tochi ya simu.
Nyuzi zake nyembamba, kila moja na tone lake kichwani.
Nje ya kivuli kile, hatua nne tu,
changarawe ilikuwa inaunguza kandambili.

Mundhir, mwanangu, hapendi ukuta unaovuja.
Ameniletea fundi na ngazi na gundi ya kuzibia,
na garini mwake zulia la majani ya plastiki,
limekunjwa, linanuka tairi jipya.
Akaenda zake kazini.

Fundi Shafiqul alipanda vidato vitatu,
akatazama chini,
akashuka.
Akachuchumaa. Akaigusa kwa mgongo wa vidole
kama mtu anayempima mtoto homa.
Kwetu Sylhet, akasema, Kiarabu chake na changu vikichechemea pamoja,
hii inapanda mpaka juu ya paa.
Mama anakwangua, anakwangua.
Akacheka peke yake.
Nikamletea chai, akainywa akiwa amechuchumaa vile vile.

Kisha akaukata ule mpira, akaweka mwingine, mrefu,
akaushusha ukutani taratibu mpaka chini,
akaupinda ncha
ili tone liangukie jiwe la tatu,
lile nililokuwa nimelikatia tamaa.
Riali tatu. Kwenye risiti akaandika: imetengenezwa.

Jioni Mundhir akauliza kama kunavuja bado.
Ukuta umekauka, nikamwambia.
Na ukuta, kweli, ulikuwa umekauka.
Zulia lake limo stoo, nimelikalishia gunia la mchele.

Usiku mama hupiga simu kutoka Konde.
Huko mvua, anasema, kisima kimechafuka tena,
mgongo haukubali kuinama.
Halafu huuliza, kila mara, kama mtu anayemtania mwendawazimu:
na wewe jangwani huko, unapanda nini?

Mnanaa, mama, namwambia.
Mnanaa tu.