Diski Isiyokohoa

Diski yangu kongwe ilikuwa ikiimba.
Mvumo mmoja mwembamba, chini kidogo ya Ti,
kama mlevi anayeuona mlango wake
na asiufikie.
Miaka kumi na moja nimekaa nayo jikoni, hapa Tartu,
mimi mkaza nyuzi za piano, sikio ndilo jembe langu,
kila usiku nikitamani kuifungua niikaze.

Mwezi wa kwanza, theluji imefika magotini,
ikaanza kugonga. Tak. Tak-tak. Tak.
Piano nayo hugonga hivyo nyundo ikilegea,
ila piano ikifa haifi na mambo yako.

Basi nitaunda mpya, nikasema, kwa mikono yangu.
Ubao mama nikapewa na kaka yangu Heino,
kasha nikalinunua kuukuu, lina kovu ubavuni.
Likabaki suala la ghala.

Kaarel, dukani kwake ng'ambo ya mto,
akanitolea kipande mfano wa chingamu iliyovuliwa karatasi.
"Terabaiti nne," akasema.
Nikakipima kiganjani. Piano mia tisa na kumi na mbili,
kila moja kabla ya mkono wangu na baada yake,
zote ziingie humu na zipate pa kujigeuza?

Akaanza kunihesabia kasi. Nikamkatiza:
kijana, piano hairekodiwi kwa mbio.
Kina sauti gani?
Akacheka. "Hakina."
Na kikitaka kufa, hukohoa?
Akaacha kucheka.
"Hapana. Jioni unakiaga kizima. Asubuhi hakipo."

Akiba haiozi, husemwa.
Aliyesema hakuwahi kuweka akiba yake ndani ya umeme.

Usiku nikapiga hesabu mgongoni mwa bili ya maji.
Kimoja kikubwa: nadhifu, nyaya chache,
na msiba mmoja usio na mrithi.
Viwili mapacha, kila noti iandikwe huku na huku, kama kioo:
hapo moyo ulitua,
mpaka Kaarel aliponipigia simu.
"Kioo si nakala. Ukifuta huku kwa kuteleza kidole,
na kule kumefutika. Kioo hakibishi."

Kioo hakibishi. Nililala na neno hilo, likanigeuza mbavu.

Mwisho nikanunua hivi:
kidogo, nusu terabaiti, chenye mbio zake,
kiiamshe mashine na kisiulizwe zaidi;
cha terabaiti mbili, cha bei ya kati, kwa piano;
na ndugu yake, sawa kwa sawa, ambaye hatakaa humu kabisa.
Atakaa Viljandi kwa dada yangu Hilja, ndani ya kopo la shayiri,
nami nitakwenda kumlisha kila Pasaka na kila vuli,
maana hivi navyo vikinyimwa umeme muda mrefu
husahau.
Euro mia tatu na kumi na nane.
Nikala viazi na chumvi wiki mbili.

Parafujo ya kukibania ni ndogo kama punje ya ufuta.
Iliniponyoka mara tatu.
Mara ya tatu niliikuta ndani ya soksi.

Nikawasha. Sekunde tisa.
Kisha kimya, kimya cha kusikia friji ikimeza mate,
saa ya ukutani, theluji ikiporomoka paani.
Nikafungua rekodi ya shule ya Võru,
mwaka ule kinasa sauti kiliponiharibikia
nikaiburuta kompyuta nzima hadi ukumbini.
Mi imelegea. Mtoto anakimbia, anaitwa, harudi.
Na nyuma ya nyuzi, mbali,
mvumo.
Mwembamba. Chini kidogo ya Ti.

Nikautwaa ufunguo wangu wa kukazia
nikaushika tu.