Anza Ukutani

Sechonge aliileta juu ya keria ya baiskeli,
imefungwa kwa kamba ya mkonge kama mbuzi wa sikukuu,
kompyuta ya mwaka ule wa kumi na moja,
rangi ya jivu, kifuniko kimepungukiwa skrubu mbili.
"Imekata roho," akasema. "Jana alasiri,
katikati ya hesabu za kikoba."

Hapa Barabara ya Kumi na Nne sina kibao.
Nina meza, bisibisi, brashi ya rangi ya inchi moja,
ufutio wa shule, na taa ya kuvaa kichwani.
Sikuichomeka. Nikafungua.

Vumbi la saruji lilikuwa limelala kwenye feni,
likanywa unyevu wa bahari, likagandamana;
feni ilikuwa ikizungusha ukuta mdogo.
Pembeni mwa pawa saplai, mayai mawili ya mjusi,
maganda matupu. Watoto wameshahama.
Walianguliwa na joto la madeni ya watu.

Nikachomoa rami, nikayasugua meno yake ya dhahabu
kwa ufutio, taratibu,
kama mama anayefuta kosa la mwanawe
na hataki daftari litoboke.
Nikakwangua losheni iliyokauka juu ya prosesa,
nikapaka mpya, punje ya choroko, haizidi.
Nikabonyeza.
Mlio mmoja, mfupi. Hiyo ndiyo salamu.

Ningefunga hapo.
Lakini mteja aliyefurahi ni mlango ulio wazi.
Nikamwambia, "Ongeza rami, gigabaiti nne.
Na hii hadi diski inayokoroma tuitoe,
tuweke ya kisasa, isiyozunguka, isiyo na sauti."
Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu,
akalipa nusu; nusu mwisho wa mwezi.
Iliwaka kabla sijamaliza kupiga chafya.

Tanga twasema: waja leo, waondoka leo.
Hii iliondoka leo, kesho yake ikaja.
"Imekata roho tena."
Mezani kwangu, ikawaka.
Kwake, kimya.
Kwangu, ikawaka.
Kamba ya mkonge ikaanza kuchakaa.
Safari ya tatu ikaja na salamu za mkewe, Bi Mwanamkasi:
"Mwambie fundi, pesa ya kikoba si ya kujifunzia."

Nikafunga duka, nikapanda baiskeli hadi Mikanjuni.

Nyuma ya kabati: waya wa ekstensheni
umetafunwa na panya, shaba inachungulia.
Juu yake friji, king'amuzi, pasi, chaja tatu.
Na ng'ambo ya ukuta, jirani Mhandeni anachomelea mageti;
kila cheche yake
taa ya sebuleni inafumba jicho.
Nikapima soketi. Volti mia moja sitini na tano.
Haikuwa imekufa. Ilikuwa na njaa.

Fundi Semkiwa, aliyenifundisha kazi,
hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na haya tu:
"Anza ukutani, Zawena. Kisha waya. Kisha swichi.
Moyo wa mashine uguse mwisho."
Mimi nilianza moyoni,
kwa kuwa moyoni ndiko kunakolipa.

Nikakata waya, nikaunga, nikafunga utepe mweusi.
Friji nikaihamishia soketi ya jikoni.
Tukamsubiri Mhandeni azime mtambo wake aende kuswali.
Mlio mmoja, mfupi.
Hesabu zikafunguka palepale zilipokatikia,
shilingi mia nne bado zimezidi, hakuna ajuaye za nani.

Nikasema ile nusu ya mwisho wa mwezi basi, nimesamehe.
Sechonge akashukuru mno, hata nikaona haya.
Bi Mwanamkasi hakushukuru.
Aliweka kikombe cha chai ya mchaichai mbele yangu,
akautazama ukuta, akanitazama mimi.
"Na ile nusu ya kwanza," akauliza, "ilikuwa ya kutibu nini?"

Nikainama chini ya meza
kutafuta skrubu ambayo haikuanguka.