Kibati cha Barua

Hull, saa tatu na robo asubuhi.
Kibati cha barua mlangoni kinalia pa!
na kabla sijajua nimesikia nini
moyo umeshavaa viatu.

Magoti ndiyo ya kwanza kusalimu amri.
Viganja: maji.
Vidole vinakufa ganzi, kama nimeviazima
na mwenyewe amekuja kuvidai.
Na tumbo, ah, tumbo.
Waliosema tumbo joto hawakuwa wanatia chumvi.

Bahasha iko pale chini, chali juu ya zulia.
Kati yetu kuna vidato kumi na vitatu vya ngazi
na miaka minne ya bahasha za kaki:
tunasikitika, tumekataa, una siku kumi na nne.

Nilikwenda kwa Dokta Thackray.
Akanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora vilima.
Mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanamke wa Cardiff mwenye kikohozi.
Nikasema, roho yangu iko juu.
Kimya. Nikamsikia anatafuta.
Nikasema, basi, roho mkononi.
Akacheka, masikini, akaomba radhi,
kisha akaninong'oneza, pembeni ya daktari:
"Dada, ni wahka?"

Wahka.
Nilidhani neno hilo limebaki kwenye kamusi ya shule.
Nikalia kwa ajili ya neno.
Moyo, karatasi ilisema, ni buheri wa afya.

Alichosema daktari sikijui. Kilichonifikia ni hiki:
mwili ni askari wa usiku aliyeibiwa mara moja;
sasa hata paka akipita, anapuliza filimbi.
Hajui kusoma. Hatazami nani kaandika.
Usimfukuze kazi, akaongeza yule mwanamke,
na hilo nadhani lilikuwa lake mwenyewe.

Leo nimeketi kidato cha saba.
Natoa pumzi kama mtu anayepuliza chai
asiyokuwa na haraka nayo.
Mara ya tano, ya sita, sikumbuki.
Vidole vinarudi kimoja kimoja,
gumba la kushoto mwisho, kwa kiburi.

Nashuka. Naokota.
Pizza mbili kwa bei ya moja, mpaka Jumapili.

Nacheka, lakini magoti bado yanagongana,
habari haijayafikia.
Basi nakaa nayo hapo zuliani, mgongo mlangoni,
nayasomea kwa sauti, taratibu,
yasikie na yenyewe:
uyoga. Jibini. Zeituni.