Maganda Arobaini na Moja

Msumeno wa kiwanda cha mbao ulichukua vidole vitatu,
mkono wa kulia, Jumanne, kabla ya chai ya saa nne.
Reino alivitazama pale kwenye unga wa mbao
akasema, "Basi komeo la baba sitalivuta tena."
Hakutaja jina la Mungu. Hakuniita mimi.
Alitaja komeo.

Bunduki ya baba yake tuliiuza theluji ilipoyeyuka,
ikalipa kuni na nusu ya daktari.
Likabaki kopo la kahawa rafuni, limejaa maganda ya shaba,
arobaini na moja, matupu, ya kipimo
ambacho muuza risasi wa Marquette alipokisikia
alivua miwani: "Hiyo? Hiyo ilizikwa na walioipiga."

Mtu mwingine angeyauza kwa kilo.
Mume wangu akashuka ngazi, chini ya nyumba,
kuzitafutia risasi bunduki yao,
kama mtu aliyeokota kifungo
akaamua kushona koti.

Na iwe ya kujipakia yenyewe, akasema,
iteme, imeze, isiniombe vidole.
Mtutu aliuagiza kwa fundi mmoja wa Duluth,
barua tatu, miezi saba;
ukaja umeviringishwa gazetini, mzito kama mtoto wa wiki.
Kitako alikichonga kwa mti wa jozi,
ubao wa kitanda alichoniachia mama
(sikuulizwa; niliona kichwa changu kinagusa ukuta,
nikanyamaza).
Gumba na shahada, ndio waliobaki kulia,
wakajifunza kushika tupa.
Baridi mbili nilisikia chuma kikikwanguliwa chini ya miguu yangu,
panya mwenye subira.

Risasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakwama.
Akafungua, akapunguza unywele wa chuma, akafunga.
Ya pili ikakwama.
Springi ngumu, springi laini, springi ya mlango wa kuku.
Ya pili ikakwama.
Usiku mmoja nilimkuta ndani ya sauna iliyopoa,
masizi mashavuni, nguo zote mwilini.
"Reino," nikamwambia, "kulungu hafi mara mbili."
"Hafi," akajibu. "Ila mimi hukosa."

Novemba, theluji ya goti. Tulikwenda wote.
Dume likatoka kwenye mierezi
likinusa upepo usiokuwa na habari zetu.
Mlio mmoja. Likapiga hatua nne, kama linalokumbuka kitu,
likalala.
Na bunduki, nilisikia kwa masikio yangu,
ikatema, ikameza,
ya pili ikakaa mahali pake, klak,
safi kama mlango wa kanisa.
Ya pili haikuhitajika.

Nilidhani atalikimbilia dume.
Akapiga magoti papo hapo, akavua glovu,
akaanza kupekua theluji.
Nyuma ya banda alizoea kutandaza shuka langu kuyadaka;
msituni shuka tulilisahau,
na bunduki inayojilisha hutupa ganda mbali,
popote, haiulizi
kama yako duniani ni arobaini na moja tu.

Damu ilikuwa bado ikitoa mvuke.
Nikachukua kisu, nikapasua mwenyewe,
moyo na ini kwenye ndoo,
na kila nilipoinua macho nilimwona
anachambua weupe ule kama mchele wenye mawe,
akinung'unika kwa Kifini cha baba yake,
lugha ambayo nyumbani kwetu hutumika
kwa sauna, matusi na mazishi.
Giza likamtoa, si mimi.

Koponi sasa yamo arobaini.
Nyama tuliimaliza Machi.
Kila Aprili, paa la nyumba likianza kudondosha maji,
anavaa buti, haagi.
Najua aendako.
Namfungia mkate kwenye karatasi.
Ubao wangu wa kitanda bado sijaudai.