Kosa la Dakika Sita

Niliinunua Gikomba, kati ya pasi mbovu na viatu vya mguu mmoja:
sekstanti ya plastiki, shilingi elfu moja mia mbili.
Mutinda akaniuliza, "Hii ni ya kupima nini, mama, macho ama meno?"
Nikamwambia ni ya kuuliza jua niko wapi.
Akapunguza mia.

Bahari iko mbali na hapa,
na upeo wa macho, Pipeline, ni ukuta wa jirani.
Basi nimetandaza upeo wangu juu ya paa, chini ya kamba za nguo:
karai la oili chafu ya injini,
nyeusi, tulivu, sawasawa kuliko sakafu zote za mwenye nyumba.
Jua moja juu. Jua jingine karaini.
Nalishusha la juu kwa kidole gumba, polepole,
mpaka kingo ziguse.
"Sasa!"
Nanjala anaandika saa.
Akichelewa sekunde nne tumehama maili nzima,
na mimi ni fundi wa saa, Mtaa wa Luthuli;
sekunde nne kwangu ni aibu.

Pembe imekuja maradufu, igawe kwa mbili.
Fungua majedwali, jumlisha, toa.
Jibu la kwanza: tunaishi Kilimani.

Nanjala alicheka hadi penseli ikatumbukia kwenye oili.
Kilimani! Na lifti, na mlinzi wa kututolea kofia,
na kodi ile ile ya huku!

Si hila yake. Plastiki hulegea juani,
sufuri ya saa moja siyo sufuri ya saa tatu.
Siku hizi, kabla ya kila kipimo,
nalitazama tangi la maji la ghorofa ya mbali,
nayavuta matangi mawili yawe moja,
nasoma: pungufu, dakika kumi na mbili. Naandika.
Baadaye kumi na nne. Naandika.
Inadanganya, ndiyo,
ila ukiiuliza inakutajia kiasi.
Nimefungua saa za dhahabu zisizo na adabu hiyo.

Onsongo, mtunza jengo, akapanda mbio:
"Mnapima ploti? Nani kawatuma? Wanabomoa lini?"
Nikampa ashike.
Akaliona jua, la kijani nyuma ya vioo vya kinga,
likielea ndani ya karai kama kiini cha yai.
Akanyamaza kidogo.
"Na inasema tuko wapi?"

Tulikuwa tumepima mara kumi,
tukatupa mbili zilizotikiswa na upepo.
Wastani ukatuweka Mukuru,
maili moja kutoka miguu yetu.

"Mukuru," akasema, jicho bado kwenye darubini.
"Ndiko nilikokaa, kabla ya ule moto.
Kumbe hii kitu inajua."

Nikaandika daftarini: kosa, maili moja, magharibi.
Yeye sikumsahihisha.