Toleo la Arobaini na Moja

Muuzaji wa Kasumbalesa huniletea ndani ya mfuko wa unga.
"Mzee Kyungu, jamaa yako huyu hapa."
Nalipa franga za bukari ya siku mbili.
Mke wangu hajui, au anajua na kunyamaza.

Jamaa yangu anaitwa Radi.
Ana kinyago cha kijivu, hupiga kwa mkono wa kushoto,
alizaliwa Amerika kabla baba yangu hajaota meno,
juu ya karatasi rahisi kuliko sabuni.
Vile vya kwanza sina, wala sivitafuti.
Nataka vilivyochapwa tena, mbali,
kwa wino wa watu wengine.

Kwa Kifaransa ni daktari, ana mchumba.
Kwa Kireno ni baharia, na mchumba amekuwa dada yake;
nadhani kasisi alipita kiwandani.
Kwa Kiflama, cha mapadri wa zamani, ameacha sigara:
wamefuta moshi, lakini vidole vimebaki
vimebana hewa, ukurasa baada ya ukurasa.
Kile cha Kiingereza, kilichopitia Ndola,
hakina jalada. Mchwa wa Lubumbashi nao ni wasomaji.

Na wote wanne, toleo la arobaini na moja,
wanaruka kutoka daraja lile lile
treni ikija.
Nina kuruka kunne.
Kutua sina hata kumoja, kurasa za mwisho zilishang'oka
zikafungie karanga.

"Hadithi ni ile ile," asema Ngalula, jirani,
"mara nne ya nini?"
Nilimimina shaba miaka ishirini na sita
chini ya lile bomba la moshi analoliona kila asubuhi.
Shaba ni ile ile, mama.
Lakini niletee kipande, nitakwambia kalibu gani ilikitoa,
kwa mkwaruzo tu.

Sasa sikiliza.
Kile cha Kireno nilikipata Katuba
kwa mjane wa fundi wa reli,
sanduku la bati, harufu ya samaki mkavu.
Kilipanda treni Lobito, zamani,
kabla vita havijaikata njia.
Kireno sikijui, nilikuwa natazama picha.
Ukurasa wa sitini na moja, pembeni, penseli,
herufi zimelala upande kama nyasi baada ya mvua:

*Hapa banabongopa. Radi hakulia.*

*Ba*, si *wa*. Mtu wa huku kwetu.
Nilisoma nimesimama, umeme ukakatika,
nikabaki nimesimama.
Nani huyu, anasoma Kireno na kugomba kwa Kiswahili?
Mkimbizi? Askari? Mpiga makaa wa treni?
Ili ajue wameongopa
ilibidi awe amekisoma kingine.
Basi tulikuwa wawili.

Tangu hapo nafungua vitabu kwa pembeni kwanza.
Soko la Kenya, kwenye kile cha Kifaransa, mkono ule ule:
*Hii mvua haimo.*
Kingine, mstari tu chini ya neno moja. Daraja.
Kile cha Kiflama, hakuna kitu. Nimekipekua mara tatu.

Mwezi jana kimekuja kipya, cha Italia,
karatasi inateleza, Radi ana misuli kama gunia la makala.
Kina ukurasa wa mwisho.
Anatua. Juu ya behewa la mchanga,
anajipangusa magoti, basi.
Nilimtazama kwa muda. Chai ikapoa.

Nikachonga penseli kwa kisu cha jikoni,
nikaandika pembeni, kwa herufi za kusimama
ili asidhani ni zake:
*Weye ulisoma kipi?*

Asubuhi nikamrudishia muuzaji.
Alinitazama kama mgonjwa.
Nikamwambia akiuze Ndola, Kolwezi, kokote,
nusu bei,
ila asimpe mtu wa kufungia karanga.